Kikuza sauti au kipaza sauti?

Neno "kipaza sauti" limebebeshwa mzigo mzito: huyu hulitumia kwa maikrofoni, yule kwa spika, mwingine kwa amplifaya. Kwa mpiga gitaa anayenunua amplifaya, tofauti hiyo ni muhimu.

Tazama Fender '65 Deluxe Reverb, toleo jipya la amplifaya iliyotamba Marekani miaka ya 1960. Ndani ya kasha moja mna vitu viwili: kikuza sauti cha valvu chenye nguvu ya wati 22, na spika ya inchi 12. Kikuza huipa nguvu ishara dhaifu ya umeme itokayo kwenye gitaa. Spika huigeuza kuwa sauti.

Anayetaka kuiboresha amplifaya hiyo aanze na spika, maana hubadilisha mlio waziwazi bila kugusa saketi. Kufungua kikuza ni kazi ya fundi: kapasita zake zaweza kushikilia umeme wa volti zaidi ya 400 hata plagi ikishachomolewa.

Basi tuseme "kikuza" kwa kinachoongeza nguvu, "spika" kwa kinachotoa sauti, na "kipaza sauti" tuiachie maikrofoni.