Bildi ya Sauti: Tarikhi ya Ala ya Wavuvi wa Barafuni

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, liko ziwa liitwalo Mille Lacs, ambalo eneo lake lapita kilomita za mraba 500 na ambalo, pamoja na upana wote huo, kina chake hakizidi mita 13. Na kila yanapowadia majira ya baridi kali uso wake huganda hata ukabeba motokaa, ukajaa vibanda vya mbao na vya turubai, na ndani ya kila kibanda mna mtu aliyeketi kigodani, mshipi mkononi, ameinamia tundu lisilozidi upana wa sahani. Mvuvi wa ngalawa huongozwa na rangi ya maji, na ndege, na mkondo, na miamba aliyoirithi kwa wazee wake; huyu wa barafuni hana mbele yake isipokuwa lile tundu jeusi, na yote aliyoyajua juu ya ziwa lake wakati wa joto yamefunikwa. Haja yake ya kujua yaliyo chini ndiyo iliyompatia ala ninayokusudia kuieleza, nayo ni sona ya namna iitwayo flasha. Waielezao aghalabu huisimulia kana kwamba ni tarikhi ya sanduku lenye taa; mimi naona kwamba sehemu iliyo bora ya tarikhi hiyo imo katika kile kidude kidogo kitumbukizwacho majini, yaani transdyusa, na katika taabu waliyoipata watu mpaka wakajua namna ya kukitundika.

Kabla ya ala hizi kuweko, Waojibwe, wenyeji wa nchi ile ya maziwa, walikuwa na njia yao iliyohitaji macho tu. Walitoboa barafu, wakajifunika kwa kijumba cha miti na blanketi ili mwanga wa nje usiingie, na kwa sababu ya giza lile maji ya chini yakadhihiri mbele yao. Kisha wakateremsha samaki wa kuchongwa kwa mti, wakamchezesha kwa uzi, hata samaki wa kweli alipomjongelea wakamchoma kwa chusa. Ni uvuvi wenye fahari yake, walakini haufai ila penye maji machache na maangavu. Penye maji marefu wavuvi wa baadaye walirudia hikima ya manahodha wa bahari zote, Atlantiki na Hindi sawasawa, yaani bildi: tonge la risasi lilifungwa kwenye ndoana, likashushwa hata likagusa chini, na urefu wa mshipi ukapimwa. Bildi iliwaambia kina, na zaidi ya hapo ikanyamaza; kama palikuwa na samaki au palikuwa na maji matupu, hilo mvuvi alilijua jioni, alipofunga vyombo vyake.

Kwamba sauti ingeweza kuifanya kazi ya risasi, wanazuoni walikwisha kuwa na dalili zake zamani. Mwaka 1826, katika ziwa la Geneva, Jean-Daniel Colladon na mwenziwe Charles Sturm, mwanahisabati, walitundika kengele chini ya maji, na ilipogongwa baruti ililipuliwa saa ile ile ili mwanga wake uonekane ng'ambo. Na Colladon, aliyekuwa ng'ambo umbali wa kilomita zaidi ya 13, akisikiliza kwa bomba refu lililotumbukizwa majini, alipima muda uliopita baina ya mwanga na mlio, akapata kwamba sauti huenda majini mita 1,435 kwa sekunde, nao ni mwendo upitao mara nne ule wa hewani. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za namna fulani, kwatzi mojawapo, zikibanwa hutoa umeme. Na muda si muda ikathibitika kinyume chake, kwamba zikitiwa umeme hutanuka na kunywea, na kwa hiyo zaweza kuyatikisa maji na kutoa sauti.

Kilichowaamsha watu kuyatumia maarifa haya ni msiba wa Titanic wa Aprili 1912. Majuma machache tu baada ya marikebu ile kuzama, Lewis Fry Richardson wa Uingereza aliomba hataza ya kutafuta vizuizi vya baharini kwa mwangwi. Na Aprili 1914 Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, akiwa ndani ya meli Miami ya Marekani karibu na pwani ya Newfoundland, alipokea mwangwi wa mlima wa barafu uliokuwa umbali wa maili 2 hivi. Basi barafu iliyomo katika asili ya tarikhi hii ni ile waliyoiogopa mabaharia; barafu ya kukaliwa na wavuvi ilikuja kuingia baadaye sana. Vita Vikuu vilipopamba moto, Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, alivibana vipande vya kwatzi baina ya mabamba mawili ya chuma, akatoa sauti nyembamba mno isiyoweza kusikika kwa sikio la binadamu, ili kuzisaka nyambizi za Wajerumani. Transdyusa zote za leo, hata ile ya bei ndogo iuzwayo pamoja na ndoana na chambo, zatokana na ala hiyo ya vita, ijapokuwa mahali pa kwatzi pamechukuliwa na kauri ya kutengenezwa viwandani.

Kutoka vitani mpaka uvuvini hapakuwa mbali. Ndugu wa ukoo wa Furuno, katika jimbo la Nagasaki huko Japani, waliingiza sokoni ala ya kutafutia samaki mwaka 1948, na wavuvi wa biashara wakaipokea. Lakini ilikuwa ala ya mashua kubwa, yenye kuhitaji nafasi na umeme mwingi. Transista ndiyo iliyoipunguza. Carl Lowrance na wanawe, watu wa Joplin katika jimbo la Missouri, waliokuwa wakizamia maziwani kutazama mienendo ya samaki kwa macho yao, walianza kazi mwaka 1957, na mwaka 1959 wakatoa kisanduku kilichopata sifa kwa jina la Sanduku Dogo la Kijani, cha kubebwa kwa mkono na kutumia betri za kawaida, ambacho mtu wa kipato cha kadiri aliweza kukinunua.

Namna ifanyavyo kazi ni nyepesi kwa kadiri ya kumpendeza fundi yeyote. Ndani yake mna mota izungushayo gurudumu, na ukingoni mwa gurudumu mna taa ndogo ya neoni. Kila taa ipitapo penye sifuri, transdyusa hutoa mlio mmoja mfupi. Mlio hushuka, hugonga chini au hugonga samaki, na mwangwi urudipo, taa huwaka papo hapo, popote ilipokwisha kufika katika mzunguko wake. Maadamu mwendo wa gurudumu haubadiliki, pale inapowaka taa ndipo palipo kina chenyewe. Katika maji yaliyo karibu na kuganda sauti huenda mita 1,400 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa kitu kilicho mita 10 chini hurejea katika sehemu ya sabini ya sekunde. Na gurudumu lenye vipimo vya futi 60 halina budi kuzunguka mara 40 hivi kila sekunde. Jicho haliuoni mzunguko huo. Laona mistari ya mwanga iliyotulia, mmoja wa chini ya ziwa, mmoja wa chambo, na mara, kwa bahati njema, wa tatu unaopanda kuufuata ule wa pili.

Ala hii ilitengenezwa kwa ajili ya mashua, na transdyusa yake ilikusudiwa kukazwa nyuma ya tezi na kuachwa hapo. Wavuvi wa barafuni walipoichukua ziwani wakati wa baridi, walikutana na maadui wawili ambao mtu wa mashua aliwajua kwa nadra.

Wa kwanza ni hewa. Sauti itokayo majini ikikutana na hewa hurudishwa karibu yote, hata tabaka nyembamba mno ya hewa yatosha kuizuia. Kuweka transdyusa juu ya theluji ni kazi bure. Lakini barafu ngumu na nyeusi, isiyo na mapovu ndani yake, huipitisha sauti vizuri. Na hapo ikazuka desturi ya kufagia theluji, kumwaga maji kidogo juu ya barafu, na kuibonyeza transdyusa ndani ya kile kidimbwi, hata mvuvi akasoma kina cha ziwa kabla hajatoboa tundu lolote. Aliyewahi kuzungusha keekee ya mkono katika barafu nene ajua thamani ya kuepushwa na tundu moja lisilo na faida. Barafu nyeupe, iliyoganda pamoja na theluji, hukataa; huko sharti utoboe. Na hata ndani ya maji, transdyusa kavu ikitumbukizwa ghafula huvaa utando wa vipovu usoni, nao huipofusha, ndipo mvuvi mzoefu huipangusa kwa kidole kilicholowa kabla ya kuiachia.

Adui wa pili, na kwangu mimi mkubwa zaidi, ni kuinama. Sauti hushuka kwa umbo la koni: transdyusa ya digrii 19 huona, kwa kina cha mita 10, duara lenye upana upitao mita 3 kidogo, na ile ya digrii 9 huona mita moja na nusu tu. Sasa iinamishe hii nyembamba kwa digrii 10, kosa ambalo jicho laweza lisilitambue: kitovu cha duara kitahama karibu mita moja na robo tatu, na chambo kilichoshuka wima kutoka tundu lile lile kitakuwa nje ya duara kabisa. Mvuvi atakodolea taa siku nzima, asikione hata chambo chake mwenyewe. Mstari wa chini ya ziwa nao hupanuka na kuparaganyika, na samaki aliyelala karibu na sakafu, kama walleye apendavyo, humezwa ndani ya mstari huo.

Ilijaribiwa dawa ya kila namna. Walikuwako waliokaza transdyusa kwenye fimbo za alumini zilizopindwa na kuegemezwa ukingoni mwa tundu, na waliotia pimamaji ndogo juu ya fimbo hiyo wakairekebisha kila theluji ilipobonyea. Dawa iliyoshinda zote ni ile iliyo rahisi kuliko zote: transdyusa ikapewa uzito, ikaachwa ining'inie kwa waya wake yenyewe, na waya ukapitishwa katika chelezo kilichokaa juu ya maji ya tundu. Uzito ukafanya kazi ya timazi. Kilichobakia kwa mvuvi ni kuuvuta waya au kuulegeza hata uso wa transdyusa ukakaa chini kidogo tu ya ukingo wa barafu, kwa sababu ikiachwa ndani ya tundu sauti hugonga kuta zake na kuleta mistari ya uongo. Kisha hushusha chambo na kupunguza nguvu ya ala mpaka chambo kionekane kwa shida. Atakaye kuona kila kitu kwa nguvu kubwa huishia kuona fujo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Vexilar ya Minnesota ilitoa flasha iitwayo FL-8, iliyoonyesha mwangwi hafifu kwa kijani, wa kadiri kwa rangi ya chungwa, na wenye nguvu kwa nyekundu. Hivyo samaki aliye ukingoni mwa duara alionekana kijani, na akijongea katikati akageuka mwekundu. Dave Genz, mvuvi mashuhuri wa jimbo hilo, ndiye aliyewahubiria watu kuiacha desturi ya kukaa mahali pamoja, watoboe matundu mengi na kuhama kutoka moja hadi jingine, flasha mkononi. Mahubiri hayo yasingewezekana kwa fimbo na pimamaji. Yaliwezekana kwa chelezo na waya, vitu vya kutolewa na kutumbukizwa tena kwa muda mfupi. Ongezeko la ala likaleta udhia wake, kwani majirani waliokaribiana walianza kuona milio ya wenzao katika taa zao, ikabidi mafundi waongeze kipini cha kuizuia.

Siku hizi ziko sona zichorazo picha, na tangu 2018 Garmin wameuza ile iitwayo LiveScope, imwonyeshayo samaki akiogelea. Hata hivyo flasha haijatoweka, kwa kuwa taa yake hujibu papo hapo na haipungukiwi na kasi penye baridi kali, kama vipungukiwavyo vioo vya fuwele za majimaji. Kwa hukumu yangu, Langevin na Lowrance wamestahiki sifa waliyopewa, lakini aliyeifanya sona kuwa ala ya barafuni ni yule aliyeacha fimbo na kuitundika transdyusa kwa waya wake.