Miaka 6000 ya Dunia: Hesabu ya Mwisho na Kalenda ya Wakristo

Kwa Wakristo wengi wa karne za kwanza, umri wa dunia haukuwa suala la udadisi tu, kwa kuwa aliyejua dunia ilianza lini alidhani anaweza pia kujua imebakiza miaka mingapi. Msingi wa dhana hiyo ulikuwa mwepesi kueleweka: Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika siku ya saba, na kwa vile Zaburi ya 90 na Waraka wa Pili wa Petro hulinganisha siku moja ya Mungu na miaka elfu ya wanadamu, ilionekana kwamba dunia ingetaabika kwa miaka 6000 na kisha ungefuata utawala wa amani wa miaka 1000, yaani milenia. Fikra hiyo imo tayari katika Waraka wa Barnaba, mojawapo ya maandishi ya kale ya Kikristo ambayo hatimaye hayakuingizwa katika Agano Jipya.

Msomaji wa leo huweza kuiona hesabu hiyo kuwa kichocheo cha hofu, lakini ilipoanza kutumiwa kwa makini kazi yake ilikuwa kutuliza watu. Hippolytus wa Roma, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Danieli ulioandikwa mnamo 204, anasimulia habari za kiongozi mmoja wa kanisa huko Syria aliyewashawishi waumini wengi watoke pamoja na wake zao na watoto wao kwenda jangwani kumlaki Kristo, wakapotea milimani hata ikabaki kidogo tu mtawala wa nchi awakamate kwa kuwadhania wanyang'anyi. Mwingine, wa Ponto, alitabiri kutokana na ndoto kwamba hukumu ingekuja ndani ya mwaka mmoja, na waumini wake wakaacha mashamba yakaota magugu na wengi wakauza mali zao. Mwaka ulipopita bila tukio lolote, waliouza wakabaki maskini. Dhidi ya mambo ya namna hiyo Hippolytus alileta vipimo vya sanduku la agano, ambalo kwa mujibu wa kitabu cha Kutoka lilikuwa na urefu wa dhiraa 2.5, upana wa dhiraa 1.5 na kimo cha dhiraa 1.5. Jumla yake ni 5.5, na kwake jumla hiyo ilimaanisha kwamba Kristo alizaliwa miaka 5500 baada ya Adamu. Ilikuwa imebaki miaka 500, ambayo takriban 200 kati yake ilikwisha kupita, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza ambaye angekuwa hai kuuona mwisho. Mwandishi wa wakati wake, Sextus Julius Africanus, naye alifikia 5500 katika kitabu chake cha historia ya dunia.

Tiba hiyo ilikuwa na kasoro ya deni lolote lililoahirishwa, kwamba siku ya kulipa hufika. Kwa hesabu ya Africanus mwaka wa 6000 ungeangukia karibu na 500 Baada ya Kristo, na kadiri mwaka huo ulivyokaribia ndivyo wataalamu wa nyakati walivyozidi kuona kwamba umri wa dunia ulikuwa umekosewa. Eusebius wa Kaisaria alikuwa amekwisha kupunguza miaka iliyotangulia kuzaliwa kwa Kristo hadi 5199, na tafsiri ya Kilatini ya Yeronimo, iliyofanywa mnamo 380, iliieneza hesabu hiyo Magharibi, nayo ikausogeza mwaka wa 6000 hadi karibu na 800. Augustino wa Hippo alikwenda mbali zaidi, kwani katika kitabu chake Mji wa Mungu alisema kuwa jibu la Yesu kwa mitume, kwamba si kazi yao kujua nyakati, linailegeza mikono ya wote wanaohesabu kwa vidole na kuiamuru ipumzike. Mikono hiyo haikupumzika, labda kwa sababu kanisa lenyewe halikuweza kuishi bila mahesabu, likiwa na Pasaka ya kupangia tarehe kila mwaka.

Ni katika kazi hiyo ya Pasaka, wala si katika mjadala wa mwisho wa dunia, ndipo ilipozaliwa namna ya kuhesabu miaka ambayo Waswahili huiandika kwa vifupisho KK na BK. Mnamo 525 mtawa Dionysius Exiguus, akitayarisha majedwali ya Pasaka huko Roma, alikataa kuendelea na miaka ya Diocletian, kaisari aliyewatesa Wakristo, akahesabu badala yake kutoka kufanyika mwili kwa Kristo. Hesabu yake ilikuwa na faida ambayo huenda mwenyewe hakuikusudia: ilianza katikati ya historia, na haikumwambia mtu yeyote ni miaka mingapi imebaki.

Aliyeitia nguvu hesabu hiyo ni Bede, mtawa wa Northumbria huko Uingereza, na kisa chake kinaonyesha jinsi somo la tarehe lilivyoweza kuwa la hatari. Katika kitabu kidogo cha 703 Bede aliiacha Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, akafuata matini ya Kiebrania. Tofauti haikuwa ndogo, kwa kuwa katika Kigiriki Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 230 na katika Kiebrania akiwa na 130, na tofauti za miaka 100 namna hiyo hurudiwa kizazi baada ya kizazi, hata Bede akapata miaka 3952 tu kabla ya Kristo. Mnamo 708 alipata habari kwamba katika karamu mbele ya Askofu Wilfrid watu waliolewa walimwita mzushi, kwa madai kwamba amekana kuwa Kristo alikuja katika enzi ya sita ya dunia, ambayo wao waliilinganisha na elfu ya sita. Akamwandikia mtawa Plegwin barua kali, akitaka isomwe mbele ya askofu huyo, na humo akalalamika kwamba watu wa kawaida hawaachi kumuuliza imebaki miaka mingapi ya elfu ya mwisho. Katika historia yake ya kanisa la Waingereza, iliyokamilika 731, alitumia miaka ya Dionysius. Kwa hiyo Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, alipotawazwa kaisari siku ya Krismasi ya 800, wakati ambapo kwa baadhi ya hesabu miaka 6000 ya Eusebius ilikuwa ikitimia, wengi wa waandishi wa kumbukumbu za Kifaranki walikwisha kuandika miaka ya Bwana, na wanahistoria bado wanabishana kama kimya chao kuhusu mwaka wa 6000 ni usahaulifu au ni busara.

Upande wa Mashariki dunia ilibaki na umri wake mrefu, na ni mpaka wa siku ya saba ndio uliohofiwa. Kwa hesabu ya Constantinople mwaka wa 7000 ulikwisha tarehe 31 Agosti 1492, na huko Urusi majedwali ya Pasaka yalikomea hapo, kwani wengi hawakuona haja ya kupanga sikukuu za dunia isiyokuwapo. Septemba ilipoingia kama kawaida, Zosima, mkuu wa kanisa la Moscow, alitoa majedwali ya miaka 20 tu, naye Askofu Mkuu Gennadius wa Novgorod akapanga ya miaka 70. Urusi iliendelea kuhesabu kutoka kuumbwa kwa dunia hadi Peter Mkuu alipoagiza kuanzia 1 Januari 1700 zifuatwe hesabu za Magharibi.

Ethiopia, ambako saa za mchana huhesabiwa kutoka macheo kama zinavyohesabiwa kwa Kiswahili, haikuiacha miaka 5500. Kanisa la Orthodox la huko, katika elimu yake ya kalenda iitwayo Bahire Hasab, hujumlisha 5500 na mwaka uliopo ili kupata mwaka wa dunia, kisha huigawa jumla hiyo kwa 4, na baki ndilo linaloonyesha mwaka ni wa mwinjili yupi. Tarehe 12 Septemba 2007 Waethiopia walipoingia mwaka wao wa 2000, dunia kwa hesabu hiyo ilitimiza 7500, idadi inayogawanyika kwa 4 bila baki. Mwaka huo ukawa wa Yohana, na uliofuata ukawa wa Mathayo.