Msichana Initiative
Msichana Initiative ni shirika lisilo la kiserikali nchini Tanzania linalotetea haki za mtoto wa kike, hasa elimu. Mwanzilishi wake, mwanasheria Rebeca Gyumi, alifungua kesi kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mvulana kwa kawaida alitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vinakiuka Katiba, ushindi usio mdogo kwa shirika changa. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Gyumi alitunukiwa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018.