Kuazima na Kurudisha: Habari za Vitabu vya Elimu ya Afya Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Kiranjeranje ni kata ya Wilaya ya Kilwa, iliyo kusini ya Nangurukuru, kando ya njia kuu iendayo Lindi; na mbele yake, kabla ya kuingia nchi ya Lindi, upo mto Mbwemkuru. Augaye huko hutibiwa kwanza mahali palipo karibu, na maradhi yakimzidia hupelekwa hospitali kubwa, ama kaskazini Kinyonga katika mji wa Kilwa Kivinje, ama kusini mjini Lindi. Mtumishi wa afya wa mahali kama hapo yu mbali na chuo kilichomfundisha na mbali na wakubwa wa kazi yake. Mwalimu asiyeondoka mbele yake ni kitabu. Basi mwenye kutafuta historia ya uganga wa kisasa katika pwani hii hana budi kuuliza, pamoja na habari za hospitali na dawa, habari za vitabu vyenyewe: vilitoka wapi, viliwafikiaje waliovihitaji, na elimu iliyomo ilipopitwa na wakati vilirudi kwa nani. Swali hili la mwisho aghalabu husahauliwa, nalo ndilo zito kuliko mengine.

Kuazimana vitabu vya tiba si jambo lililoletwa na wageni wa karne ya ishirini. Katika miji ya pwani wanazuoni walikuwa na vitabu vya tiba vya Kiarabu, na kilichojulikana sana ni Kitab ar-Rahma kinachonasibishwa na Suyuti. Mwenye kitabu alimwazima mwenzake, naye akakinakili kwa mkono, kisha akakirudisha kwa mwenyewe. Zamani neno chuo lilikuwa jina la kitabu kabla ya kuwa jina la mahali pa kusomea. Na neno azima lina maana mbili katika Kiswahili: kupewa kitu kwa ahadi ya kukirejesha, na tena ile hati ya dawa iliyoandikwa kwa kinga au kwa kumrudisha aliyetoroka. Huenda ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, walakini yamekutana mahali pazuri, kwa kuwa katika yote mawili limo jambo la kurudi.

Hospitali za misheni zilipofunguliwa bara ya Lindi, mafunzo ya uuguzi yalianza kwa njia ya mdomo na daftari. Daktari Leader Stirling alifika nchi ya Masasi mwaka 1935 chini ya misheni ya UMCA, akafanya kazi Lulindi, na baadaye Mnero katika Nachingwea. Alifundisha wauguzi wa Kiafrika kazi ambayo watu wengi wa wakati ule hawakudhani kuwa wangeiweza, na miaka ya 1970 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wabenediktini nao walikuwa na hospitali Ndanda na Nyangao, na Ndanda walikuwa pia na kiwanda cha kupiga chapa vitabu vya Kiswahili. Dresa au muuguzi aliyetoka katika mafunzo ya namna hiyo alikwenda kazini na yale aliyoyashika moyoni na aliyoyaandika katika daftari lake. Daftari ni chombo cha heshima, lakini lina upungufu mmoja: kosa lililoingia siku ya kwanza hubaki humo hata mwenyewe astaafu.

Mfano wa elimu iliyotoka Kusini bila kurudi ni ule wa homa ya mwaka 1952 na 1953. Katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ulizuka ugonjwa uliowashika watu kwa maumivu makali ya viungo hata wakapinda migongo. Wenyeji wakaupa jina kwa lugha yao ya Kimakonde, nalo likawa jina lake katika dunia nzima: chikungunya. Mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake katika jarida la elimu ya maradhi ya nchi za joto huko London. Jina liliazimwa kwa Wamakonde, na mpaka leo linatumika Bara Hindi na Amerika. Lakini jarida lile halikuandikwa kwa ajili ya dresa wa Newala wala wa Kilwa, na lugha yake haikuwa yake.

Katika miaka hiyohiyo lilikuwapo shirika lililojaribu kuvipeleka vitabu kwa watu walio mbali na miji. Hilo ni East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 chini ya Charles Richards. Pamoja na kupiga chapa vitabu kwa lugha za Afrika ya Mashariki, lilikuwa na masanduku ya vitabu yaliyopelekwa kwenye vituo vidogo, na tena maktaba ya posta: msomaji aliandika barua, akaletewa kitabu, akakisoma na kukirejesha kwa posta vilevile. Maktaba hiyo haikuwa ya waganga peke yao. Mwalimu, karani na dresa wote waliweza kuomba. Walakini kanuni yake ilikuwa bora kuliko nyingi zilizofuata, kwa sababu sanduku halikuwa zawadi. Lilikwenda, likasomwa, likarudi, likapelekwa jingine. Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa mpangaji wa maktaba wa shirika hilo, alitoa taarifa juu ya namna ya kukuza huduma za maktaba Afrika ya Mashariki; mwaka 1963 Tanganyika ikapitisha sheria yake ya maktaba, na mwaka huohuo Makerere ikafungua shule ya ukutubi kwa nchi hizi. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967.

Uhuru uliikuta Tanganyika na madaktari wazalendo 12, kwa hesabu iliyozoeleka kutajwa. Ilikuwa wazi kwamba kwa muda mrefu tiba ya vijijini ingekuwa mikononi mwa watu ambao si madaktari, na taarifa ya Richard Titmuss na wenzake ya mwaka 1964 iliweka mkazo katika vituo vya afya vya mashamba. Watu hao walihitaji vitabu vya namna mpya, visivyodhani kwamba nyuma ya mgonjwa ipo maabara kubwa na umeme usiozimika. Mwaka 1966 Maurice King alitoa kitabu kilichotokana na mkutano wa Makerere juu ya uganga katika nchi maskini. Mwaka mmoja kabla yake, David Morley alianzisha London shirika la TALC, lililotengeneza picha za kufundishia na vitabu kwa bei ndogo na kuvituma kwa posta. Shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957, ambalo sasa ni AMREF, nalo likaja kutoa mfululizo wa vitabu kwa watumishi wa vijijini. Vyote hivyo vilikuwa vitabu vyema. Vingi vilikuwa kwa Kiingereza.

Kiswahili kilipopewa kazi hiyo kiliiweza. Mwaka 1973 ulifanywa mwito wa Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, wakiongozwa na viongozi wa vikundi kama 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Baada ya kusoma walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Baadaye kitabu cha David Werner, kilichoandikwa kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanakijiji wa milima ya Meksiko, kilitolewa Dar es Salaam kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Mwenye shaka kwamba lugha hii yaweza kueleza kipimo cha dawa na dalili ya mimba iliyoharibika na akifungue kitabu hicho. Hata hivyo, vijitabu vya mwaka 1973 vilikuwa vya kugawa, wala si vya kuazima. Vilikwisha kazi pamoja na majuma yake, na hali ngumu ya uchumi iliyofuata, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, ilizuia vingine visifuate.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 maktaba ya Shirika la Afya Duniani huko Geneva ilibuni sanduku la chuma la rangi ya samawati, ndani yake vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii vilivyopangwa kwa mada, liwekwe katika vituo vya afya vya wilaya za Afrika. Fikira hiyo ilikuwa na busara. Chuma huwazuia mchwa na mvua. Sanduku hubebeka katika gari lolote. Na aliyekabidhiwa ufunguo alifundishwa namna ya kuandika katika daftari jina la aliyeazima na tarehe. Yalikuwapo masanduku ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kireno. Lakini sanduku lifungwalo kwa ufunguo hufuata tabia ya mwenye ufunguo. Akiwa mwoga wa kupoteza, vitabu vitabaki vizima na visivyosomwa. Akihamishwa kituo ghafula, huenda ufunguo ukahama naye. Tena sanduku hilo lilikuwa la kukaa daima mahali pamoja. Aliyeazima alikirudisha kitabu sandukuni, lakini sanduku lenyewe halikurudi popote.

Ubaya wa jambo hilo huonekana katika habari ya malaria, ugonjwa ambao pwani ya Kilwa na Lindi haijawahi kupumzika nao. Kwa miaka mingi dawa ya kwanza ya malaria ilikuwa klorokwini, na kila kitabu cha mafunzo kilisema hivyo. Vimelea vikazoea dawa hiyo. Mwezi wa Agosti 2001 Tanzania Bara iliiacha, ikaweka SP mahali pake. SP nayo haikudumu: mwishoni mwa mwaka 2006 ilianza kuachwa kwa ajili ya dawa mseto ya ALu. Walakini SP haikutupwa kabisa, kwani iliendelea kupewa wanawake wajawazito kwa kinga. Basi katika muda usiotimia miaka sita ukurasa ule mmoja wa kitabu ulibatilika mara mbili, na mara ya pili ulibatilika nusu tu, jambo ambalo ni la hatari zaidi. Kitabu cha mwaka 1998 kilichofungwa vizuri sandukuni, kisichopata mchwa wala doa la maji, kingemwambia muuguzi kijana mwaka 2008 ampe mtoto mwenye homa kali dawa isiyofaa tena. Kwa upande huu utunzaji mwema wenyewe hugeuka madhara. Nyaraka za serikali zilitumwa, na semina zilifanywa; lakini waraka ni karatasi moja, na hupotea upesi kuliko kitabu kinachoupinga.

Anayeweza kuondoa kitabu cha namna hiyo si daktari, mwenye wagonjwa mlangoni, bali ni mkutubi wa tiba, mtu ambaye kazi yake ni kujua kilichobatilika na kukiita kirudi. Kazi hiyo ina umri wake. Tarehe 2 Mei 1898 watu 8, madaktari 4 na wakutubi 4, walikutana Philadelphia, Marekani, kwa mwito wa George Gould, wakaunda chama cha maktaba za tiba. Na jambo lao la kwanza lilikuwa kupelekeana vitabu walivyokuwa navyo viwili viwili, ili pengo la mmoja lijazwe na ziada ya mwenzake. Afrika ilipata chama chake, AHILA, mwaka 1984. Tanzania ina maktaba kubwa ya tiba Muhimbili, na tangu mwaka 1989 ina chuo cha ukutubi Bagamoyo. Hata hivyo mkutubi naye ni mwanafunzi, na vitabu vinavyomfundisha kupanga na kuazimisha vitabu vya tiba ni vigumu kupatikana kuliko vitabu vya tiba vyenyewe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kwa hiyo kisingizio cha ukosefu wa maneno kimepungua nguvu, ingawa vyuo vya uganga na uuguzi vimeendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Mwaka 2002 ulianza mpango wa HINARI, ambao kwa huo majarida ya tiba hufunguliwa katika intaneti kwa vyuo na hospitali za nchi maskini, Tanzania ikiwa mojawapo. Elimu ya namna hii haichakai sandukuni, kwa kuwa ukurasa hubadilishwa hukohuko unakotoka. Mwaka uliofuata lilifunguliwa daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, na njia ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi, iliyokuwa ikingoja kivuko, ikawa nyepesi. Wakati huo ungekuwa mwema kwa kurudisha ile desturi ya masanduku yaendayo na kurudi, kwa kuwa gari lipelekalo dawa lingeweza kuchukua vitabu vipya na kurudi na vya zamani. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilibomoa njia hiyo upande wa Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Katika siku hizo kitabu cha karatasi hakikuwa na njia ya kufika Kiranjeranje kutoka kaskazini. Yaliyokuwa yakipita ni maneno ya simu, nayo, kwa habari ya jarida la tiba, yalipita kwa Kiingereza.