Uvundo kutoka kwa jirani: Hatua za kufuata kabla ya kuelekea mahakamani

HARUFU mbaya haibishi hodi. Uvundo wa choo kilichojaa, wa kibanda cha kuku au wa taka zilizolundikwa nyuma ya nyumba hupenya kila upenyo, ukaingia jikoni na chumbani, ukazishika nguo zilizoanikwa na kumfuata mtu hadi mezani. Katika mitaa mingi ya miji yetu, ambako nyumba za kupangisha hukabiliana na familia kadhaa hutumia ua mmoja, kamba moja ya nguo na pengine choo kimoja, jambo hili limewahi kuvunja ujirani wa miaka mingi.

Hata hivyo, zipo njia za kulikabili bila matusi wala ngumi. Wenye busara huanza na lililo jepesi, na kuyaacha mazito yawe ya mwisho.

Anza kwako

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kabla hujamnyoshea jirani kidole, hakikisha kwamba uvundo hautoki nyumbani mwako. Chini ya kila sinki na katika kila shimo la bafu, bomba hupindwa kama kiwiko ili libakishe maji kidogo. Maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya maji taka isirudi ndani. Bafu lisipotumiwa kwa majuma kadhaa, maji hayo hukauka na nyumba huanza kunuka. Dawa yake ni kumimina maji shimoni, basi.

Tazama pia panya aliyekufa darini, mabaki ya chakula nyuma ya jiko na paipu zinazovuja. Ukiridhika kwamba kwako ni safi, chukua daftari uandike siku na saa ambazo harufu huzidi, na iwapo huja baada ya mvua, jioni au upepo unapovuma kutoka upande fulani. Kumbukumbu hizo zitakusaidia kukijua chanzo, na baadaye zitakuwa ushahidi.

Harufu zisizongoja mashauriano

Zipo harufu ambazo hazina nafasi ya adabu za ujirani. Ya kwanza ni ya gesi ya kupikia. Gesi hiyo kwa asili haina harufu inayotambulika kwa urahisi. Watengenezaji huitia kemikali yenye kunuka ili watu watahadhari inapovuja. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutanda chini sakafuni na mitaroni. Ukiinusa kutoka kwa jirani, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, waamshe watu watoke nje na uwaite wazimamoto. Mlipuko wa gesi uliotokea Embakasi, Nairobi, mwezi wa Februari mwaka wa 2024 uliwaua watu na kuwajeruhi mamia. Hilo latosha kuwa funzo.

Ya pili ni harufu ya mayai viza inayotoka katika shimo la maji taka. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo huudhi tu, lakini ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, na kisha humwua mwenye pua. Kamwe usiingie katika shimo kama hilo ili kulizibua, wala usimfuate aliyeanguka humo bila vifaa. Wengi wameangamia wakijaribu kumwokoa mwenzao.

Ya tatu ni uvundo unaotoka katika nyumba iliyofungwa, ambayo mkazi wake hajaonekana kwa siku kadhaa. Usivunje mlango. Mwarifu mwenye nyumba, mzee wa mtaa na polisi, ambao hupatikana kwa nambari za dharura 999 au 112. Huenda ni nyama iliyooza baada ya stima kupotea. Huenda pia ni msiba. Jirani aliye mgonjwa au mkongwe na anayeishi peke yake ana haki ya kuulizwa hali kabla ya kulaumiwa kwa uchafu.

Mwendee jirani

Nyani haoni kundule, na katika jambo hili methali hiyo inaungwa mkono na sayansi. Pua huizoea harufu inayoikabili kwa muda, hata ikaacha kuihisi. Anayefuga kuku kwa miaka mitano huenda asijue kabisa kwamba kibanda chake kinanuka. Kwa hivyo usidhani kuwa anakudharau.

Mwendee wakati wa utulivu, asubihi ya Jumamosi kwa mfano, wala si usiku ukiwa umekasirika. Msimwendee watu kumi kama wanaokwenda kumfurusha. Msalimie, mjulie hali, kisha useme kwa upole: "Mama Fulani, nimekuja tushauriane. Tangu juma lililopita kuna harufu nzito upande wetu, hasa jioni. Sijui kama hata kwenu inafika. Huenda bomba limeziba mahali. Twaweza kutazama pamoja?" Maneno hayo humpa mtu nafasi ya kurekebisha mambo bila kuaibika. Kumwambia kwamba nyumba yake inanuka, mbele ya watoto wake, hufunga mlango ambao hautafunguka tena kwa urahisi.

Tofautisha vilevile uvundo na harufu ya mapishi. Omena, matumbo, samaki wa kukaanga na viungo vya pilau vina harufu yake, na kila mtu ana haki ya kupika chakula cha kwao. Malalamiko mengi ya mitaani huanza na chungu na kuishia kwenye kabila la mpishi. Hapo anayelalamika ndiye mwenye kosa. Kwa mapishi, la kuomba ni dirisha lifunguliwe au jiko lisogezwe, basi.

Tiba ya uvundo wenyewe

Mara nyingi jirani yu tayari kurekebisha, ila hajui afanyeje. Kibanda cha kuku hunuka kwa sababu ya unyevu: kinyesi kinapolowa hutoa amonia. Matandiko ya maranda yawe makavu, yageuzwe na yabadilishwe mara kwa mara, vyombo vya maji visivuje, na hewa ipite. Samadi ya ng'ombe au nguruwe isilundikwe karibu na ukuta wa mwenzio.

Maganda na mabaki ya mboga yakilundikwa peke yake huoza kwa uvundo. Yakichanganywa na majani makavu na kugeuzwa ili yapate hewa, huwa mbolea isiyonuka sana. Kuchoma taka si suluhisho, kwani moshi wa plastiki una madhara makubwa kuliko uvundo.

Kwa choo cha shimo, bomba la kutolea hewa lapaswa kupanda angalau sentimita 50 juu ya paa na kufungwa wavu kwenye ncha ili kuzuia nzi. Majivu yakinyunyizwa baada ya kutumia choo hupunguza harufu. Shimo likijaa, hakuna dawa ila lori la kunyonya maji taka. Gharama yake, ambayo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi, hupungua majirani wakichanga na kuita lori siku moja.

Mwenye nyumba na wazee

Mazungumzo yasipozaa matunda, mwendee mwenye nyumba au wakala wake. Choo, mabomba na mitaro ya ploti kwa kawaida huwa mikononi mwake, wala si mwa mpangaji. Mwandikie barua fupi yenye tarehe na ubaki na nakala. Kamati ya wakazi, wazee wa Nyumba Kumi na chifu pia husuluhisha migogoro ya aina hii. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi za kutatua mizozo.

Sheria yasemaje

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza mtu kusababisha au kuacha kero inayoweza kudhuru afya katika ardhi au jengo lake. Kifungu cha 118 kinaorodhesha kero hizo, zikiwemo vyoo na mitaro michafu, marundo ya taka na samadi, na wanyama wanaofugwa kwa namna ya kuudhi. Chini ya Kifungu cha 119, afisa wa afya akiridhika kwamba kero ipo, humpa mhusika notisi ya kuiondoa katika muda uliowekwa. Akikaidi, aweza kufikishwa mbele ya hakimu.

Kwa hivyo ofisi ya kwanza ya kutembelea ni ya afisa wa afya ya umma katika wadi au kaunti ndogo. Tangu Katiba ya 2010, uzoaji wa taka na udhibiti wa kero za umma ni kazi ya serikali za kaunti. Beba daftari lako na nakala za barua. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 nayo inataka taka zinazooza zitenganishwe na nyingine.

Ikiwa uvundo watoka katika biashara, kama vile kichinjio au kiwanda kilichojengwa miongoni mwa nyumba za watu, peleka malalamishi pia kwa mamlaka ya mazingira, NEMA. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au jeraha. Kesi hizo husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Katika madai ya kero baina ya majirani, mahakama hutazama ukali wa harufu, muda ambao imedumu na hali ya mtaa wenyewe. Kipimo ni pua ya mtu wa kawaida. Aliyehamia kijijini hawezi kutarajia kwamba hatasikia kamwe harufu ya zizi la ng'ombe.

Kesi huchukua muda na pesa, na ukishinda bado utaishi ukuta kwa ukuta na uliyemshtaki. Siku nyumba yako itakaposhika moto usiku, atakayefika kwanza na ndoo ya maji ni jirani huyo huyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu, aghalabu, huzibwa kwa maneno machache ya staha yaliyosemwa mapema.