Kuku ndani ya Tenga

Msomaji, lau ungetia hewa ya klorini katika maji yaliyokaribia kuganda, ungeona vipande vya manjano vikijitokeza kama barafu. (Usijaribu, hewa hiyo huua.) Watu wa zamani walidhani kuwa ni klorini yenyewe iliyoganda. Mwaka wa 1811 Humphry Davy wa London alieleza kwamba wamekosea: klorini kavu haikuganda hata ilipopozwa sana, fuwele zilitokea palipokuwa na maji tu. Mwaka wa 1823 msaidizi wake, Michael Faraday, alizipima, akahesabu sehemu kumi za maji kwa moja ya klorini. Katika majaribio yake ya wakati huo bomba la kioo lilipasuka, likamjeruhi macho.

Lakini je, klorini ilikaaje mle? Swali hilo lilingoja zaidi ya miaka mia.

Mwaka wa 1912, huko Munich, Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba eksirei zikipita katika fuwele hutawanyika kwa mpango. Njia yao ilihitaji fuwele moja nzuri. Nayo barafu hii ni punje ndogo, na huharibika joto likifika digrii 10 hivi. Dawa ilipatikana mwaka wa 1916, kwa Peter Debye na Paul Scherrer wa Göttingen. Wao hawakuchagua fuwele, walitumia unga. Katika unga punje hulala kila upande, hivyo daima zipo zilizouelekea mwali sawasawa. Eksirei zikitoka huandika duara juu ya filamu, na ukubwa wa kila duara hutuambia umbali baina ya safu za chembe. Nani angedhani kwamba vurugu hiyo ndiyo ingeleta uhakika!

Mwaka wa 1952, huko California, Linus Pauling na Richard Marsh waliupiga eksirei unga wa barafu ya klorini. Waliona mchemraba wenye ubavu wa angstromu 12 hivi, ambamo molekuli 46 za maji zimeshikana zikafanya vyumba 8: viwili vidogo na sita vikubwa. Klorini hukaa hasa katika vile vikubwa. Haikuungana na maji. Imezungukwa tu, kama kuku ndani ya tenga.

Kumbe ndiyo sababu hesabu za wapimaji hazikupatana tangu siku za Faraday. Matenga mengine hubaki matupu, na mizani hupima yote pamoja.