Mtoto asiyeweza ngano: badali zimo jikoni

Mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki hudhuriwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Mahamri, kaimati, tambi na suji hayawezi tena. Lakini vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele na nazi. Viazi karai, chovya katika unga wa dengu. Chapati ndiyo kazi: unga wa mchele haunyumbuki, hukatika. Vya kununua viulizie, kwani wengine hutia ngano kidogo, au hukaangia mafuta yaliyotoa mahamri. Mchele usagie nyumbani. Mashine ya mtaani huenda imepitisha ngano. Na usimwachishe ngano kabla hajapimwa damu, kipimo kisije kikakosa kuonyesha ugonjwa.